Chupa ya Mtoto Mmoja

Kidonge kilikuwa kimekatwa kwa wembe vipande vinne, na hapakuwa na viwili vilivyolingana. Bibi wa mtoto alikuwa amevifunga ndani ya leso, akaifungua taratibu juu ya kaunta ya famasia kama mtu anayetoa ushahidi mbele ya hakimu. Kipande kimoja kilikuwa kinene kama mbegu ya tikiti. Kingine kilikuwa kimemomonyoka, kimebaki unga ambao chafya moja ingeumaliza.

"Mwanangu," alisema yule bibi, "mmeniambia nimpe mjukuu wangu robo. Hebu nionyeshe, robo ni ipi hapo?"

Mwanamke mfamasia aliyekaa nyuma ya kioo aliviangalia vile vipande, akavigeuzageuza kwa ncha ya kalamu. Wenzake walimwita Dirisha. Jina hilo lilianza kwa utani, kwa sababu tangu aajiriwe hakuna aliyewahi kumkuta mahali pengine, na likamganda kama utani unavyopenda kuwaganda watu wapole. Huko chuoni alikuwa mwanafunzi asiyetoka maabara. Alipenda kusaga, kupima, kuchanganya, kuona vitu viwili visivyopatana vikikubaliana ndani ya bilauri. Kisha akaajiriwa, na kumbe dunia ilikuwa imeshachanganyiwa kila kitu na watu wengine. Dawa zilikuja kwenye maboksi, zimekamilika kama maharusi. Yeye kazi yake ilikuwa kusoma cheti cha daktari, kutoa boksi, kuandika asubuhi na jioni, kisha kusema "anayefuata". Alikuwa akiifanya vizuri, na ilikuwa ikimchosha kuliko kubeba mawe.

Mtoto mwenyewe alikuwa wodini na mama yake, na habari zake Dirisha alizijua. Alizaliwa na tundu kwenye moyo. Tundu hilo lingezibwa kwa upasuaji, lakini wapasuaji hawakuwa tayari kumgusa mpaka aongezeke uzito, na uzito ungetoka wapi ilhali kila akinyonya kidogo alianza kuhema? Dawa ya kumtuliza moyo ilikuwepo. Zamani ililetwa ikiwa ya maji, tamu, ya watoto. Kiwanda kikaacha kuitengeneza, kwa kuwa watoto wa namna hiyo ni wachache, na wachache hawana faida. Vikabaki vidonge vya watu wazima, na bibi na wembe wake. Siku akipewa kipande kinene mtoto alilala kama gogo. Siku akipewa chembamba alihema mpaka mbavu zikahesabika.

"Hakuna robo hapo, mama," Dirisha alisema mwishowe. "Naona aibu kukwambia."

"Aibu haitibu," alijibu bibi, akaikunja leso yake.

Mchana huohuo daktari wa watoto alishuka mwenyewe kutoka wodini, faili kwapani. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye haraka, asiyejua kuzungusha maneno. Aliinama kwenye kioo akauliza, "Wewe unaweza kuitengeneza ya maji? Hapa hapa?"

Moyo wa Dirisha uliruka. Hakuna namna nyingine ya kulisema jambo hilo. Uliruka kama wa msichana aliyesikia jina lake likitajwa na yule anayemtaka, naye akajiona akisimama kabla ya kujibu.

"Naweza," alisema.

"Una uhakika?"

"Sina uhakika. Lakini naweza."

Daktari akacheka. Alisema akipata dawa inayopimika atamwandikia mtoto dozi moja isiyoyumba, na akitulia kwa majuma machache tu, wapasuaji watampokea. "Asipotulia..." alianza, kisha akaifunga faili.

Kizingiti kilikuwa mkuu wa idara, ambaye walimwita Mzee Taratibu, ingawa si mbele yake. Alikuwa mtu mwema mwenye hofu nyingi. Alimsikiliza Dirisha huku akisugua miwani yake, akaivaa, akaivua tena.

"Mwanangu, kiwanda kikikosea, yupo wa kulaumiwa: kiwanda. Wewe ukikosea?"

"Nitalaumiwa mimi."

"Na mimi nyuma yako."

"Na wewe nyuma yangu, mzee. Lakini tusipofanya kitu, atakayelaumiwa ni yule bibi na wembe wake."

Mzee Taratibu alifungua droo, akatoa ufunguo wenye kutu. "Mwongozo wa kutengeneza upo kabatini. Usiongeze lako wala usipunguze. Na kila kinachopimwa kipimwe mbele ya wawili."

Ufunguo ulikuwa wa chumba cha kuchanganyia dawa, ambacho kwa miaka kilikuwa kaburi la viti vibovu. Aliyekwenda naye kukifungua ni mtoa dawa mwenzake, mwanamume mnene aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kumzimia. Walitoa viti, wakatoa maboksi matupu, wakatoa feni isiyo na mapanga. Nyuma ya yote hayo ikatokea meza ya marumaru, sinki, mizani ndani ya nyumba yake ya kioo, na kinu cha kauri pamoja na mchi wake, vyeupe kama meno.

"Hiki ndicho walichokuwa wanatumia wakubwa zetu?" aliuliza Redio. "Nilidhani cha kusagia pilipili."

"Ukikisagia pilipili nakusaga wewe," alisema Dirisha, akasikia sauti yake mwenyewe ikicheka. Walisugua kuta, wakasugua meza, wakachemsha vyombo. Mizani ililetewa fundi wake, akaithibitisha. Chumba kikanukia spiriti na maji moto, na Dirisha akawa anapita kila baada ya kitambo kukichungulia tu, kama mwenye nyumba mpya.

Nyumbani jioni alikoroga unga kwenye bakuli mpaka mumewe, fundi cherehani, akaweka mkasi chini.

"Chakula tumekula. Huo ni wa nini?"

"Najaribu mkono. Ukimwaga maji yote mara moja unapata mabonge. Unaanza na kidogo, unaukanda mpaka uwe laini kama krimu, ndipo unaongeza."

"Leo umeamkaje?"

"Kwa nini?"

"Unaongea." Mume alimtazama kwa macho ya furaha na uchokozi. "Mke wangu, ulikuwa muuza nguo za dukani. Saizi ndogo, ya kati, kubwa, chukua uende. Sasa unataka kushika futi upime mtu. Karibu kwenye shida."

Dirisha alimpaka unga puani. Alilala akiwa anatabasamu gizani kama mwehu, na kabla jogoo hajasafisha koo alikuwa amevaa.

Mwongozo ulikuwa wazi. Kwanza unatengeneza ute, maji moto yenye unga wa gundi, ili dawa iliyosagwa ielee humo badala ya kuzama. Ute huo uachwe utulie mpaka kesho yake, gundi inywe maji ivimbe. Ndipo dawa isagwe, ikandwe, iongezwe ute kidogo kidogo. Dirisha aliisoma ile sentensi ya kuacha mpaka kesho. Aliisoma vizuri kabisa. Lakini ute alioukoroga asubuhi ile ulikuwa umeshaanza kuwa mzito kwenye bilauri, unang'aa, unavutika, na yeye alikuwa amengoja miaka. Alijiambia umeshaiva. Mtu mwenye hamu ana macho ya aina yake.

Redio alisoma mizani kwa sauti, yeye akaisoma tena, wakakubaliana. Vidonge vikaingia kinuni. Mlio wa mchi ulianza kama kokoto, ukawa mchanga, ukawa mnong'ono. Bega lake lilikumbuka lenyewe: duara kutoka katikati kwenda ukingoni, kisha kurudi. Aliongeza matone, akakanda, akaongeza tena. Alisuuza kinu kwa ute uliobaki, maana dawa inayoganda ukutani mwa kinu ni dawa aliyodhulumiwa mgonjwa, akaumimina wote chupani. Alipofika kwenye mstari wa kipimo aliinua chupa juu ili Redio aione.

"Tumezaa," alisema Redio.

Waliiweka rafuni, Dirisha akarudi kioo chake kuhudumia foleni. Lakini habari ina miguu, na kwa Redio ilikuwa na mabawa. Mchana aliporudi chumbani aliwakuta Mzee Taratibu, daktari wa watoto, na mganga mkuu wa hospitali mwenyewe, mtu ambaye famasia huonekana kwa nadra kama mvua ya mawe, wamesimama mbele ya chupa. Ilikuwa imependeza. Maji yake juu yalikuwa maangavu, unaweza kusoma gazeti kupitia humo, na chini kabisa palikuwa na utepe mwembamba mweupe.

"Imetulia safi," alisema mganga mkuu. "Ingekuwa na boksi ningesema imetoka ng'ambo."

"Nimeshamwambia mama wa mtoto kwamba leo anapata," alisema daktari. "Bibi yake amepiga magoti."

Mzee Taratibu, ambaye hakuwahi kumsifu mtu, aligusa bega la Dirisha. Na Dirisha kwa muda wa pumzi mbili tatu alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika jengo lile. Ndipo akautazama tena ule uangavu, na furaha ikamtoka. Dawa hii haikutakiwa kuwa angavu. Ilitakiwa kuwa na ukungu kuanzia juu hadi chini, dawa ikielea kila mahali, ili kijiko cha kwanza na cha mwisho viwe ndugu. Walichokuwa wakikisifia wote wanne kilikuwa maji matupu. Dawa yote ilikuwa imelala chini.

Aliinua chupa, akaipindua. Utepe mweupe haukusogea. Ulikuwa umeshika kama saruji.

"Itikise," alisema Mzee Taratibu.

Aliitikisa. Maji yakaingia ukungu, wote wakapumua. Alipoipindua tena, chini bado palikuwa na gamba.

"Kwa nguvu zaidi. Ni kidogo tu hicho."

"Mzee," alisema Dirisha, na sauti yake ilitoka ndogo, "hicho kidogo kilichobaki chini ni dozi ya nani?"

Mganga mkuu alitazama saa yake. Dirisha angeweza kunyamaza, na hilo alilijua vizuri. Angesema watatikisa sana, angebandika lebo, na sifa zingebaki zake. Mtoto angepewa maji majuma mawili ya kwanza, akihema. Na siku chupa inapokaribia kuisha, gamba lingebanduka, apewe kwa mpigo mmoja kila alichonyimwa. Wembe wa bibi ungekuwa na huruma kuliko hapo. Aliiona siku hiyo waziwazi.

"Nimeharibu," alisema. "Mwongozo ulisema ute ungojewe mpaka kesho. Mimi sikungoja."

"Ulikuwa na haraka gani?" aliuliza Mzee Taratibu, akiwa na uchungu zaidi kuliko ukali.

"Ya furaha," alisema Dirisha, kwa kuwa huo ndio ulikuwa ukweli, na akaimimina ile chupa nzuri kwenye ndoo ya dawa za kuteketezwa mbele ya macho yao. Redio, aliyekuwa akichungulia mlangoni, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za idara hakusema neno.

Mzee Taratibu alivua miwani. Dirisha alisubiri asikie kwamba chumba kinafungwa, viti vibovu vinarudi. Badala yake mzee alisema, "Mimi ningeitoa." Alirudia polepole, kama anayejiuliza mwenyewe. "Ilivyokuwa nzuri vile, mimi ningeitoa. Koroga ute mwingine. Lakini wodini unakwenda wewe mwenyewe kuwaambia, simtumi mtu."

Kwenda wodini kulikuwa kugumu kuliko kumimina. Mama wa mtoto alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshavaa viatu, tayari kushuka famasia. Bibi alikuwa amempakata mtoto, naye mtoto alikuwa akihema kwa bidii, na nyuso za mama na bibi zilimgeukia Dirisha zikiwa zimeshapika shukrani.

"Shikamoo mama. Dawa haijawa tayari."

"Marahaba. Daktari amesema ipo."

"Ilikuwepo. Nimeimwaga."

Mama wa mtoto alianza kuvua viatu, na hilo lilimuumiza Dirisha kuliko tusi. Bibi alimkazia macho. "Umeimwaga kwa nini?"

"Kwa sababu sikuiamini. Ingekuwa kama vile vipande vyako, ila kwenye chupa. Ute nilioutengeneza sikuuachia muda, nilikuwa na pupa. Naomba mnivumilie mpaka kesho."

"Na kesho utaiamini?"

"Nisipoiamini nitaimwaga tena, nije nikwambie tena."

Bibi alisogea kitandani akampisha akae. "Basi mshike kidogo huyu," alisema. "Umjue unayemtengenezea."

Dirisha alikuwa hajawahi kumshika mgonjwa hata mmoja. Kati yake na wagonjwa siku zote kulikuwa na kioo. Mtoto alikuwa mwepesi mno, lakini moto, na chini ya kiganja chake ule moyo mdogo ulikuwa ukienda mbio kama unawahi mahali. Alikaa naye mpaka mkono ukafa ganzi. Aliporudi chumbani kwake alikoroga ute mwingine, akaufunika kwa kitambaa safi, akazima taa, akatoka. Hakuuchungulia. Wenzake walishuhudia kwamba alipita mlangoni pale mara nyingi kuliko ilivyohitajika, lakini hakuuchungulia.

Asubuhi ute ulikuwa umekuwa kitu kingine. Ulimeguka polepole kutoka kwenye kijiko, mzito, mtulivu. Furaha yake ilirudi, na safari hii ilikuja na adabu. Alisaga mpaka unga ukawa hauonekani punje, akauchuja, akasaga uliokataa kupita. Redio alisoma mizani, akaisoma tena bila kuombwa. Dawa iliyotoka ilikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa mchele. Waliiweka rafuni, Dirisha akachukua kiti akakaa mbele yake.

"Na foleni?" aliuliza Redio.

"Kaa wewe dirishani leo."

Saa zikapita. Juu ikabaki na ukungu, katikati ukungu, chini ukungu. Kidogo kilichotulia kilipanda kwa kutikiswa mara moja, wala hakikuacha alama kwenye kioo. Aliipindua chupa akaichungulia kitako chake akiwa amefumba jicho moja. Akaipindua tena, si kwa shaka, bali kwa raha ya kuona.

"Haipendezi hata kidogo," alisema Mzee Taratibu mlangoni, na alikuwa akitabasamu mpaka miwani ikapanda.

"Mbaya kabisa," alikubali Dirisha, akicheka huku machozi yakimtoka.

Walikuja wote chumbani: mama, bibi, na mtoto begani kwa bibi. Dirisha aliwaonyesha kutikisa, akawaonyesha kuvuta kwa kibomba cha plastiki kisicho na sindano, mpaka kwenye mstari aliouchora kwa wino mwekundu. Bibi alifanya mwenyewe. Mkono uliozoea wembe ulifika kwenye mstari barabara. Alirudia kwa maji, mstari ukawa uleule, na akatoa kicheko kifupi cha mtu aliyefunguliwa kamba.

"Kumbe robo ipo," alisema.

Ilibaki lebo. Dirisha alichukua kalamu, akaandika tarehe, akaandika TIKISA VIZURI kwa herufi kubwa, akaandika kipimo. Kisha akainua uso.

"Jina la mtoto?"

Mama alimtazama bibi. Bibi akaangalia sakafu.

"Kwenye faili wameandika mtoto wa fulani," alisema Dirisha. "Mimi nahitaji lake. Dawa hii ni yake peke yake, si ya mwingine."

"Hatujampa," alisema mama, kwa sauti ya chini. "Tulisema tungoje. Tulisema tukimpa jina halafu..." Akalishika pindo la nguo ya mtoto.

Kalamu ilikuwa hewani. Mzee Taratibu, ambaye mahali pengine angesema bila jina chupa haitoki, aligeuka akajifanya anakagua sinki. Hakuna aliyemharakisha mtu. Bibi alimhamisha mtoto bega la kulia akamweka la kushoto, akasafisha koo, akamtazama binti yake, na binti yake akatikisa kichwa kukubali. Ndipo bibi akainama juu ya meza ya marumaru, akamnong'oneza Dirisha sikioni jina ambalo ni dhahiri lilikuwa limengoja tayari siku nyingi.

Dirisha aliliandika polepole, herufi kwa herufi, akalipuliza likauke. Akaibandika lebo, akaisawazisha kwa kidole gumba, akampa mama chupa. Mama aliisoma kimya. Kisha akalisoma lile jina kwa sauti, mara moja tu, kama mtu anayeonja. Na mtoto, ambaye hakuwa amewahi kuitwa, aligeuza kichwa.